Baba Alibatizwa Akiwa na Wake Wawili

Kwa miaka yote niliyomfahamu, baba alikwenda kanisani kila Jumapili na hakuwa Mkristo. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba nyimbo zote bila kitabu, na wenzake walipokwenda kwenye meza ya Bwana yeye alibaki amekaa. Ujanani aliacha darasa la ubatizo kwa uvivu tu, wala hakuficha. Alipopata hamu ya kubatizwa alikuwa tayari na wake wawili, na usharika wetu una sharti: mwenye wake wawili abaki kwanza na yule wa kwanza, ndipo abatizwe. Wa pili ni mama yangu.

Sisi watoto tulibatizwa wote. Mama mkubwa, mke wa kwanza, ndiye aliyenibeba mimi mpaka mbele, kwa kuwa mama yangu alikuwa ametengwa kanisani kwa kukubali kuolewa mke wa pili. Cheti cha ubatizo ndicho kilichoniandikisha shule, kwa hiyo tangu utotoni nilijua ubatizo ni kitu cha kutunzwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Nilipokua nikawa mzee wa kanisa, nikakabidhiwa darasa la ubatizo. Nafundisha vizuri, nasema mwenyewe. Nimefundisha hadi wafanyabiashara waliooa kwetu wakitokea Malawi. Baba yangu mzazi sikuwahi kumfundisha, maana somo la kwanza lingekuwa kumfukuza mama.

Masika moja alishikwa na homa ya mapafu. Mimi naishi mjini, mtaa wa Mbugani, ingawa usharika wangu ni huo wa kijijini; nikaja kumuuguza, na mvua ikanifungia huko huko kijijini. Maji yalifunika barabara, hakuna aliyeingia wala kutoka. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa, pumzi yake ikawa ya kuvuta kwa shida. Akasema anataka kubatizwa.

Kila Mkristo anaruhusiwa kumbatiza mtu aliye hatarini. Somo hilo nalifundisha mimi. Lakini nilitoka uani na simu, nikazunguka kwenye matope nikitafuta mtandao, nimuulize mchungaji kama sharti la wake wawili linamhusu hata anayekufa. Niliporudi bila jibu, mama mkubwa alikuwa ameshaanza. Mama yangu ameshika bakuli la kunawia mikono, na mama mkubwa anauliza maswali yote aliyoyasikia kila tulipobatizwa watoto. Alimuuliza baba kama anamkataa shetani na kazi zake zote. Baba akasema anamkataa. Mama mkubwa akammwagia maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, shuka lote likalowa. Niliona aibu, na wivu pia.

Tukakaa kusubiri afe. Hakufa. Kesho yake aliomba wali na usipa, vile visamaki vya ziwani, maji yalipopungua tukampeleka hospitali, na baada ya wiki chache alikuwa anageuza kakao juani na kugombana na kuku.

Baraza la wazee likakutana. Mchungaji alisema ubatizo haufutiki, maji yakishamwagwa yamemwagwa. Lakini ubatizo wa dharura huthibitishwa mbele ya usharika, na tukaamua kwamba baba atathibitishwa na kukaribishwa mezani akishatengana na mke wa pili. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mimi nilinyoosha. Nilijiambia mzee wa kanisa hawezi kuwa na sheria moja kwa watu na nyingine kwa baba yake. Ukweli ni kwamba niliogopa macho ya wenzangu.

Nilikwenda kumwambia mama mwenyewe. Nilimkuta uani anapeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nawe ulinyoosha mkono?"

"Ndiyo, mama."

"Ndaga, mwanangu," akasema. Alinishukuru kwa Kinyakyusa, tena bila kejeli yoyote, na hapo ndipo iliponiuma. Akamaliza kupeta, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda bodaboda kwenda kwa kaka yake Ipinda. Baba alikuwa shambani. Mama hakungoja kuagana naye.

Mama mkubwa ndiye aliyempa baba habari aliporudi. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Mmeniondolea mwenzangu. Sasa baraza lenu linitafutie mtu wa kunikuna mgongo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baba alinawa miguu, akavaa shati lake la kanisani, akaniagiza niite bajaji. Ilipofika akaniambia na mimi nipande. Tukashika njia ya Ipinda.

Kwa mjomba tulimkuta mama anamenya ndizi. Baba alikaribishwa kiti, akakikataa.

"Mwenzako aliniuliza kama namkataa shetani na kazi zake zote," akamwambia mama. "Nikasema namkataa. Wewe ulikuwepo, umeshika bakuli. Kuna mtu alikutaja wewe?"

"Hakuna."

"Basi chukua nguo zako twende."

Mama hakuinuka. "Na meza ya Bwana? Si umeitamani maisha yako yote?"

"Naitamani hata sasa," baba akasema. "Lakini nitamwambia nini Mungu? Kwamba nimekutupa ili nikale kwake?"

Mama akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akaingia ndani, akatoka na mzigo wake. Kwenye bajaji alikaa katikati yetu, akaniwekea ule mzigo mapajani. Nilipoanza kuomba radhi akanigusa goti, akaniambia niangalie kitenge kisifunguke.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilisimama mbele ya baraza nikasema naondoa mkono wangu. Mchungaji akaniambia kwa upole kwamba kura imeshapita na haitabadilika kwa mtu mmoja. Nikasema najua, ila naomba iandikwe.