Noela na Matoleo ya Nota

Noela wa Matogoro hakupenda kitu kiwe viwili. Sufuria mpya ikiingia jikoni, kuukuu lazima itoke. Hata kompyuta ya Linux katika duka lake la kuchapa mjini Songea aliiendesha hivyo hivyo. Toleo jipya la programu ya kuandika nota za muziki lilipotoka, alilisakinisha, akafuta la zamani bila hata kulifikiria.

Siku chache baadaye Mwalimu Rupert, kiongozi wa kwaya ambamo Noela mwenyewe aliimba alto, alimletea flashi.

"Nichapie sauti ya besi tu, mwanangu. Nyingine ninazo."

Jioni mazoezini, besi walifungua vinywa, sauti zikapaa juu ya soprano. Kumbe toleo jipya lilisoma faili la zamani kwa namna yake, likaupandisha mstari wote. Mzee Tadei, mkulima mwenye sauti nzito kuliko wote, alijikakamua hadi mishipa ikamsimama, mwisho akatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa. Soprano waliinama wakishika mbavu.

"Noela," Rupert akauliza kwa upole, "umewafanya nini wazee wangu?"

Noela alitamani ardhi immeze.

Kesho yake alirudisha toleo la zamani. Besi ikashuka mahali pake, lakini nyimbo za masista, wateja wake wengine, zilizoandikwa kwa toleo jipya, zikagoma kufunguka. Akarudisha jipya, la zamani likatoweka. Kila moja likiingia, lilimfukuza mwenzake. Alishinda hivyo mpaka chai ikapoa mezani.

Hatimaye alikubali yaishe: vitakaa viwili. Toleo jipya aliliacha mahali pake pa kawaida. La zamani akalitengea folda yake peke yake na kulipa jina lake la kuitwa, nota-rupert, lisigongane na lile jipya linaloitwa nota tupu. Akaita moja, likaitika. Akaita la pili, nalo likaitika. Akacheka mwenyewe dukani.

Rupert alipoliona jina lake kwenye skrini, alivua kofia. Kufikia Jumapili parokia nzima ilijua kuna programu inayoitwa kwa jina lake.

Kisha kwaya ya Lusewa wakaleta nyimbo za toleo la zamani zaidi. Noela hakuhangaika, alifungua folda nyingine, akaiita nota-adela, jina la mwalimu wao.

Rupert alinuna.

"Na huyo Adela," aliuliza, "yake ina nini ambacho yangu haina?"

"Umri, Mwalimu," Noela akajibu, akaendelea kuchapa.