Kikohozi cha Korongoni

Siku ile baba aliponituma Karatu kutafuta mahali pa kuhamia naikumbuka kuliko siku niliyofaulu darasa la saba. Kaa vizuri, mwanangu, nikusimulie. Nakuita mwanangu ingawa mwenyewe niko kidato cha pili na ndevu zangu ni tatu, moja nashuku ni uchafu. Lakini mzee aliyestahili kukupa nasaha hizi hayupo tena nyumbani kwetu. Kwa hiyo nivumilie mimi.

Tulikuwa tukiishi juu, Ngorongoro, kwenye ukungu, na kulima kulikuwa kumekatazwa. Baba akasema tutashuka Karatu ili tulime mahindi yetu wenyewe. Pembezoni mwa mji palikuwa na viwanja viwili. Kimoja kilikuwa mtaa wa Barabarani, panapopita malori na magari ya watalii. Kingine kilikuwa Korongoni, mwendo wa nusu saa kushuka, kwenye majani na watu wa Mbulu wanaofuga. Kiswahili cha baba kilitosha kuuliza bei ya mbuzi tu, basi akanituma mimi, msomi.

"Sikiliza," aliniambia. "Mimi na mama yako tutakuwa shambani. Wewe utakuwa shule. Atakayebaki nyumbani kutwa ni koko."

Koko ni bibi kwa lugha yetu, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yamekufa zamani. Ng'ombe wetu saba aliwajua kwa hatua na kwa pumzi, na kila asubuhi hakunywa kitu kabla ya kumpapasa mgongo Narok, ng'ombe wake mweusi.

"Uangalie mahali ambapo atawasikia," baba alisema. Hilo tu. Kuhusu uwanja wa mpira hakusema neno.

Barabarani nilikuta uwanja, na vijana waliokuwa wamekosa golikipa. Nikadaka penalti moja, kwa tumbo, bila kukusudia. Wakanibeba. Jioni yake nilikuwa tayari nimeshahamia, ila mwili tu.

Kesho yake nikashuka Korongoni. Mjumbe wa nyumba kumi wa pale, Mzee Tluway, alinipa kibuyu cha maziwa na kunionyesha kiwanja chenye zizi la zamani ubavuni.

"Hapa tunachunga kwa zamu," alisema. "Nyumba moja siku moja, ng'ombe wa wote. Kwenu naona mchungaji ni wewe."

"Jumamosi je, mzee?"

"Ng'ombe hawajui Jumamosi."

Nikaanza kupachukia pale pale. Yeye akaendelea bila habari. "Bibi yako tumjengee upande gani? Wengine hupenda upande wa jua. Wengine upande wa zizi." Swali lile sikulijibu. Nilikuwa nahesabu mechi nitakazokosa.

Jioni nyumbani baba aliniuliza ng'ombe wa Korongoni wakoje. Mwanangu, mimi huwa naigiza watu. Mwalimu mkuu namwigiza mpaka yeye mwenyewe angepotea. Basi sikutumia hata neno. Niliinamisha shingo, nikatoa ulimi, nikakohoa kama ng'ombe mgonjwa, mara tatu. Mama alicheka. Baba alicheka kidogo, kisha akaacha. Alipokuwa mdogo, homa ya mapafu ya ng'ombe ilimaliza zizi la baba yake.

"Wangapi wanakohoa?"

"Wengi," nikasema. Koko alikuwa ameketi pale mlangoni.

Tukahamia Barabarani. Kiwanja kilikuwa cha hatua ishirini. Wiki ya kwanza ng'ombe mmoja alikula shati la dereva lililoanikwa, akaanzia upande wenye vifungo. Wa pili akaingia kwenye kabichi za mwalimu. Majirani hawakuwa watu wabaya. Walitueleza kwa upole kwamba pale ni mtaa, si malisho. Kabla mwezi haujaisha baba aliwapeleka ng'ombe wote Malambo kwa baba mdogo, mbali kabisa, na Narok akiwemo.

Na kuhusu ng'ombe wa Korongoni, baba, kwa kuwa ni mtu mwema, aliwaonya watu mnadani. Maziwa ya Mzee Tluway na wenzake yakakataliwa mpaka bwana mifugo alipokuja kuwapima ng'ombe wao na kukuta wazima. Nilisikia habari hizo nikiwa golini. Nikapiga mpira mbele.

Koko alikaa barazani juu ya gunia, uso umeelekea barabara.

"Anayenguruma huyo nani?"

"Lori la kahawa, koko."

"Ni lile la jana?"

"Jingine."

"Mbona yote yanapita tu? Hakuna linalorudi nyumbani jioni?"

Nilicheka, nikaenda kuwasimulia wenzangu. Nao wakacheka.

Masika yalipoanza akaacha kunywa maziwa ya dukani, kisha uji. Asubuhi moja nilikaa naye nikamwigizia watu wote ninaowajua ili acheke. Mwishowe nikaigiza ng'ombe, nikakohoa.

"Kikohozi hicho nakijua," alisema.

"Koko?"

"Ng'ombe mwenye homa ya mapafu hukohoa kwa ndani, kama anaona aibu. Wewe ulikohoa kama mtoto anayetaka watu wacheke."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nilingoja useme wewe."

Nimechapwa na walimu wanne, mwanangu, mmoja wao mcheza voliboli. Hakuna aliyenipiga kama yule bibi kwenye gunia.

Nilimwambia baba siku hiyo hiyo. Alinitazama, akainuka, akachukua fimbo. Nikageuza mgongo tayari. Nilipoangalia nyuma alikuwa ameshatoka mlangoni. Fimbo ilikuwa ya safari. Alikuwa anakwenda Malambo kumleta Narok.

Siku ya nne koko alifariki. Baba alikuwa bado njiani, na kwa mvua ile hatukujua atafika lini, hivyo hatukuweza kumngoja. Majirani wa Barabarani walikuja, wakatoa pole, wakarudi kazini, maana kila mmoja ana mwajiri wake. Mama akaniambia, "Nenda Korongoni ukaombe watu wa kuchimba." Nilitamani anitume kokote kwingine.

Nilimweleza Mzee Tluway yote, nimesimama kwenye matope, nikaanza na kikohozi ndipo nikasema msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita wenzake, akachukua jembe.

"Twende, mjukuu. Usiogope, leo hatukohoi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Tulipofika kwetu alizunguka kiwanja kile chembamba, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Haya, alipenda upande gani?"

"Upande wa zizi," nikasema.

Akatafuta zizi kwa macho. Halikuwepo. Akachagua pembe iliyo mbali na barabara, wakachimba hapo.

Baba alifika siku ya sita na Narok, wote wawili wamelowa. Ng'ombe yule alikwenda moja kwa moja barazani, akasimama ubavuni mwa gunia, mgongo ameuweka tayari. Baba alimwacha asimame hapo muda mrefu. Mimi hajanigombeza mpaka leo, na ningefurahi kama angenigombeza.

Sasa Narok yuko Korongoni, Mzee Tluway alimpokea. Kila Jumamosi nachunga mimi, iwe zamu yetu au isiwe. Timu ya Barabarani imepata golikipa mwingine, hodari kweli, halafu hadaki kwa tumbo.

Basi nasaha yangu ni hii. Watu wako wakihama, nawe ukatumwa kuchagua mtaa, usiutazame kwa macho ya mtu atakayetoka asubuhi kwenda zake. Kaa pale saa nne asubuhi, saa ambayo kila mtu ameondoka, usikilize yule atakayebaki atasikia nini. Uliza ni nani atakayekuja na jembe. Na kama umeshadanganya, sema leo. Huenda yupo mtu anayejua, naye amekaa anakungoja, na wa kwangu aliningoja mpaka akachoka.

Koko alipombariki mtoto alimtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Ningekufanyia hivyo, ila huku shuleni wangesema nimekutukana. Pokea kwa maneno, basi. Popote utakapojenga, Mungu akupe jirani anayekuuliza bibi yako ajengewe upande gani, nawe akupe ulimi wa kumjibu. Wako wakitoka asubuhi, jioni uwasikie wakirudi.