Vifuniko vya Bia vya Tata Kazadi

Siku ya kwanza nilipomwona Tata Kazadi, alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yake ya kampuni, hapa Dilala, mtaa wa Kolwezi, akipanga vifuniko vya bia mchangani, kila kifuniko kikisimamia mtu mmoja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia, nikataka kupita kimya. Akaniita kwa heshima nisogee.

"Tata, kuya kidogo. Mamie alifika kwenye bomba mbele ya Blandine. Fidélie alifika nyuma ya Mamie. Nani alikuwa wa mwisho?"

"Fidélie!" akadakia jirani yetu Polycarpe.

"Weye, ulimi inakimbia kupita kichwa! Kati ya Fidélie na Blandine, nani alitangulia? Sikusema. Haya maneno hayatoshi."

Alikuwa karani wa ghala mgodini. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kila Jumapili baada ya misa nilikaa mbele ya vifuniko vile, nikafikiri kama wengine.

Kisha mishahara ikakatika, na vijana wakaanza kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani. Kazadi alizaliwa Kolwezi, na jina lake linatumika Kasai na hapa kwetu pia, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai. Polycarpe alilijua hilo miaka mingi. Mimi Kazadi aliniambia Jumapili moja, jikoni kwangu, akiomba nimfichie mama yake nyumbani kwangu mambo yakiharibika. Alhamisi iliyofuata mlango wake ukachorwa msalaba wa chaki, alama ya nyumba za watu wa kufukuzwa.

Alituita mimi na Polycarpe, sisi wawili tuliojua siri yake. Polycarpe alijipiga kifua, akaapa, akalia machozi. Mimi si mtu wa kuapa wala kulia mbele ya watu.

"Polycarpe alijua zamani na nililala salama," Kazadi akasema. "Weye nilikuambia siku ya Mungu. Chaki ikakuya nyuma."

Mpangilio wa matukio ulikuwa sahihi. Lakini hakuniuliza swali hata moja. Mwalimu wetu wa kusubiri habari zitoshe alikata shauri papo hapo, na aliyelia ndiye akaaminika.

Jumamosi Kazadi na mama yake walifukuzwa. Jioni ile ile Polycarpe aliingiza godoro lake katika nyumba yao, na hadi leo analala humo. Lakini asubuhi yake, kwenye kituo cha treni ya kuwapeleka Kasai, hatukulijua hilo bado. Nilimpelekea Kazadi chungu cha mihogo alichopika mke wangu Bilonda. Akakipokea, akampa mama yake aliyekaa juu ya mizigo. Nikanyoosha mkono.

"Asante ni ya mama Bilonda," akasema. "Weye, rudisha mukono yako. Hapa Kolwezi niliogopa batu bote. Weye tu sikukuogopa."