Siku Niliyomlilia Mama Mkwe Akiwa Hai

Nichekeni sasa hivi mmalize, ndio nikianza kueleza nisikatizwe, kwa sababu hii aibu watu wa Runyenjes wanaijua, watu wa Nkubu wanaijua, na hata pale kanisani mchungaji akitaja tu neno "ufufuo" kuna watu wanageuza shingo kunitazama mimi.

Naitwa Mutwiri, nauza spea za pikipiki hapa Nkubu, na hiyo biashara ndiyo iliyoniharibu. Ukishauziwa beringi feki ikiwa ndani ya boksi safi lenye mhuri, huwezi tena kuamini kitu chochote kilichofungwa vizuri. Mke wangu Wanja husema mimi hata nikiombewa nafungua jicho moja kuangalia kama yule anayeomba amefunga yake.

Sasa mama yake Wanja, mama mkwe wangu, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, la miaka mingi. Alikuwa akilifunika na kitambaa na kusema halimsumbui, mpaka likakua kama parachichi kubwa na kuanza kumbana pumzi, akawa hawezi kulala kitandani kama watu, analala ameketi kwenye kiti cha sebuleni. Daktari akasema litolewe. Wanja hangeweza kumpeleka kwa sababu mtoto wetu alikuwa ameshikwa na tetekuwanga, kwa hivyo akanishika mkono akaniambia, "Mutwiri, nakupa mama yangu. Umrudishe vile nilivyokupa." Na mnajua kwetu mkwe si mtu wa mchezo, mimi mbele ya huyo mama hata kukohoa huwa natoka nje kwanza.

Hospitali sitaitaja, ni upande wa Embu, na daktari pia sitamtaja ingawa yeye jina langu hatalisahau. Alikuja wodini mchana wa kulazwa, kijana mrefu mpole, akasema yeye si wa kupasua, yeye ni wa dawa ya usingizi. (Hapo tu nikashtuka. Kwani kulala kunahitaji mtu wake?) Akamwambia mama, akimwita cucu, yaani nyanya, "Cucu, fungua mdomo. Zaidi. Toa ulimi. Sasa sukuma taya la chini mbele. Inua kidevu uangalie dari." Akampima shingo kwa vidole, akamzungushia kichwa huku na huku, na mimi nikasimama pale nikiwaza, huyu anamkagua mama mkwe wangu vile watu wanakagua fahali sokoni, anatafuta nini ndani ya mdomo na ugonjwa uko nje shingoni?

Kisha akamuuliza, "Ukilala chali unasikiaje?"

"Nasikia kama mtu amenikalia," mama akajibu.

Yule daktari akatingisha kichwa polepole, akaniuliza kama nina swali lolote. Nilikuwa nayo mengi. Lakini ningemuulizaje mbele ya mama mkwe, na akina mama watatu wa kanisa lake waliokuja kumwombea wakinitazama kama mwanamume anayejua mambo? Nikasema, "Hakuna, daktari. Tumeelewa."

Asubuhi iliyofuata wakampeleka thieta, chumba cha kupasulia, kwa kigari cha kusukuma. Nikafuata mpaka kwenye mlango mkubwa, soja akanizuia, nikabaki hapo nimesimama kama mwizi. Nikaona muuguzi anapita na mablanketi na mito, akarudi, akabeba tena. Nikahesabu mito nikachanganyikiwa. Mtu anatolewa uvimbe shingoni, mito yote hiyo ni ya nini? Ni nini kinataka kufunikwa? Mlango ukafunguka kidogo yule muuguzi akipita, na nikasikia sauti ya yule kijana mpole ikisema, "...tunampoteza, na familia tutaiambia nini?" Mlango ukafungika.

Ndugu zangu! Mama yuko ndani, hajapasuliwa, na tayari wanapanga maneno ya kuambia familia!

Ningebisha mlango. Ningemuuliza hata soja. Lakini nikaamua (na uamuzi ulikuwa huo mmoja tu, mengine yote yalijileta yenyewe) kwamba niende nizunguke nyuma ya jengo nichungulie kwa dirisha. Vioo vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe, lakini kwenye kona moja rangi ilikuwa imebanduka, pakubwa kama jicho la mtu. Chini ya dirisha palikuwa na kamba za nguo, yameanikwa yale makanzu ya kijani ya thieta, na kando pametupwa kreti za soda. Nikapanga kreti mbili, nikapanda na viatu vyangu vya kanisani.

Nikamwona. Wamemwekea ngazi ya mablanketi na mito toka mgongoni mpaka kichwani, hajalala na hajaketi, amening'inizwa katikati kama mtu anayenyolewa kwa kinyozi. Yule kijana amesimama nyuma ya kichwa chake, uso umefunikwa, amemkandamizia kitu puani na mdomoni, hakiachilii. Mkono wa mama ukaanguka kando, ukalegea. Halafu akamsukuma kichwa nyuma, kidevu kikaelekea juu, akamfungua mdomo na kuchukua chuma kilichopinda chenye taa, akamwingizia kooni.

Sijui nilipata wapi ile sauti. Nilipiga kioo kwa kiganja nikapayuka, "Wanaua mama! Mama Wanja wanamuua! Uuuwi!"

Watu wote mle ndani waligeuka kuniangalia. Yule kijana hakugeuka. Mabega yake hayakutikisika hata kidogo, macho yalibaki pale mdomoni, akanyoosha mkono tu bila kuangalia, akapewa mpira mrefu mweupe, akautelezesha ndani. Hilo ndilo la mwisho nililoona kwa sababu kreti ya juu iliteleza, nikaenda na kamba yote ya nguo, na suruali ikachanika toka nyuma mpaka karibu na goti. Soja alinikuta nimejifunga kwenye makanzu ya kijani, nabingirika na bado nalia, "Wamemuua!"

Sasa sikieni vile maneno hukimbia. Akina mama wa kanisa walikuwa kwenye benchi upande ule mwingine, wakasikia sauti ya mkwe analia mama amekufa, na nani atambishia mkwe? Wakaanza kulia wao pia. Mama Njeru, kiongozi wao, akapiga simu Runyenjes, nyumbani kwa mama mkwe, huku machozi yanamtoka. Mimi nikiwa nimeketishwa chini na soja anauliza kama nimekunywa, habari ilikuwa imeshafika nyumbani, ikapita kwa majirani, na kutoka kwa majirani ikampata Wanja huko Nkubu, ameshika mtoto mwenye tetekuwanga.

Akanipigia. Sikujua nishike simu au nishike suruali.

"Mutwiri, mama amekufa?"

"Nimeona kwa macho yangu, wamemfunika pua..."

Alipiga ukelele ambao hata leo nikiukumbuka chakula kinakwama. Simu ikakatika.

Yule kijana alitoka baadaye, barakoa imening'inia shingoni, jasho limelowanisha kofia. Akatutazama sisi wote, kilio kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Akasema, "Cucu yuko hai. Anapasuliwa sasa, na mwenzangu amekaa naye. Nani alikuwa dirishani?"

Hakuna aliyenionyesha kwa kidole. Haikuhitajika, ni mimi tu niliyekuwa nimevaa kanzu la thieta kiunoni.

Nikamwambia nilisikia akisema wanampoteza. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Nilimwambia muuguzi tukimlaza chali tunampoteza, na familia tutaiambia nini. Ndiyo maana nikaitisha mito." Akaniambia nilale kwenye benchi. Mbele ya watu. Nikalala, makanzu nimeyashikilia. Akaniambia nibane kidevu kifuani nijaribu kuvuta pumzi, ikaja nyembamba kama ya mrija ulioziba. Kisha akanikunjia sweta ya Mama Njeru chini ya kichwa, akaniinua mpaka sikio likawa sawa na kifua, akasukuma kidevu mbele, "kama mtu anayenusa githeri ikichemka jikoni." Hewa ikaingia yote.

"Rovu la cucu lina uzito," akasema. "Akilala chali linaangukia njia ya hewa, na dawa ikishamlegeza hawezi tena kujisaidia. Tunamwinua ndipo njia inyooke na mimi nione pa kupitisha mpira. Ile ya puani ilikuwa oksijeni, ya kumshindilia akiba. Nikianza, nina muda mfupi sana. Ulipopiga kioo, ningegeuka tu kukuangalia, ungekuwa unalia ukweli."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Nilibaki pale benchini nikinusa githeri isiyokuwepo, machozi yanaingia masikioni, na nikiwa bado namchunguza usoni (aibu haiponyi tabia mara moja) nikitafuta kama kuna kitu anaficha. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa amechoka tu.

Wanja nilimpigia, hakushika. Akaongea na Mama Njeru. Mimi aliongea nami baada ya kumsikia mama yake kwa masikio yake, na maneno aliyoniambia ni ya nyumbani kwangu, yakae huko.

Siku ya kumrudisha mama nyumbani nilidhani wamesafisha. Lakini tulipoingia kwenye boma tukakuta hema la matanga halijachukuliwa na mwenyewe, kuni zimepasuliwa rundo zima, na kando ya ndizi zake vijana walikuwa wameshatia vijiti vinne na kamba, mahali pa kuchimba. Mama akasimama pale na bandeji yake shingoni. Akaviangalia vile vijiti. Akang'oa kimoja, akakitupa juu ya kuni, akaingia ndani kulala. Kitandani, chali, mara ya kwanza baada ya miaka.

Tangu hapo nimeapa, daktari akiniuliza kama nina swali, nitauliza hata kama mkwe, mchungaji na chifu wote wako pale, na dirisha la watu sitachungulia tena.

Mama mkwe hakuwahi kunigombeza. Wiki chache baadaye tulienda kumwona, sauti yake bado inakwaruza, akanipa uji, akangoja ninywe, ndipo akaniita.

"Mutwiri."

"Naam, mami."

"Siku nitakayokufa kweli, mtume mtu mwingine aseme. Wewe ukisema, hawatakuja."