Utepe wa Dani

Juzi, kwenye duka la vitu vya kale, niliona mashine kama ile ya utotoni mwangu, gatini Homa Bay: unatia sarafu, unachagua herufi, unavuta mkono wa chuma, na jina linachapwa kwenye utepe wa bati.

Dani, bibi yangu asiyejua kusoma, alinituma nimchapie jina lake alipigilie kwenye sanduku. Mikono ikininuka grisi, nikachapa langu. Kwa hekima ya darasa la pili, kumdanganya asiyesoma hakukuwa kudanganya.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, Dani."

Alasiri nzima alilifuata kwa kidole, akilinakili mavumbini. Jumapili, kanisani, alikataa kutia alama ya kidole gumba kwenye daftari la waumini. Akaandika mwenyewe, polepole, jina langu.

Katekista alisoma, akanitazama.

"Mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha," Dani akamwambia.