Barua Ambazo Beryl Hakuzifungua

Kila saa nne asubuhi kifuniko cha tundu la barua mlangoni kwa Beryl Entwistle kililia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, msafishaji wa maofisi mjini Accrington. Aliamka saa tisa za usiku na kurudi nyumbani saa tatu asubuhi, mikono ikinuka dawa ya sakafu. Angeweza kujilaza kidogo kama wenzake. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, koti bado liko mwilini, akisubiri. Barua zikianguka kwenye mkeka ilikuwa lazima aziokote yeye, kabla mumewe Clifford hajashuka.

Alikuwa anadaiwa pauni elfu kumi na tatu na ushei. Hakuna aliyelewa wala kucheza kamari katika nyumba ile. Paa lilivuja, wakakopa kwa jina la wote wawili, na Clifford akatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa tangu waoane mambo ya pesa yalikuwa mikononi mwa mkewe. Ikaja arusi ya binti yao, aliyetaka ukumbi wenye bustani, na mama gani atamwambia bintiye hapana? Kadi moja ya benki ikalipia nyingine, na ile nyingine ikalipia ya kwanza, hadi siku moja zote mbili zikagoma dukani mbele ya watu. Clifford alidhani mkopo wa paa umekwisha zamani. Ndivyo alivyoambiwa.

Clifford alikuwa ameendesha gari la mikate miaka thelathini na minne, hajawahi kudaiwa hata kiberiti. Sasa amestaafu, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua. Beryl aliamini kwamba aibu ya deni ingemmaliza upesi kuliko hicho kifua. Kwa hiyo alijiwekea shabaha moja tu maishani: Clifford asijue, apate kuishi kwa amani. Kila alilolifanya baada ya hapo alilifanya kwa ajili hiyo, na hapo ndipo uchungu wa kisa hiki ulipo.

Mji ule una ofisi ya bure ya kuwasaidia wenye madeni, chumba kimoja juu ya ukumbi wa kanisa, hufunguliwa Jumanne. Wanakaa na wewe, wanapiga hesabu ya chakula na makaa na kodi, kisha wanawaandikia wote wanaokudai kwamba huyu ataweza kulipa kiasi fulani kwa mwezi, mgawane. Beryl alipanda ngazi zile mwezi wa nane wa mwaka 2008. Kupitia kioo cha mlango akamwona, amekaa kwenye meza ya washauri, Winifred Haworth, karani wa benki mstaafu, ambaye kila Jumapili husimama naye bega kwa bega kwenye kwaya. Akageuka na kushuka kwa ncha za vidole kama mwizi. Watu wa pale watakueleza habari za matumbo yao kwenye foleni ya bucha, tena kwa sauti, lakini deni mtu hufa nalo.

Na hata kama Winifred asingekuwepo, lilikuwepo lile neno bure. Beryl alipokuwa na miaka sita viwanda vya nguo vilifunga milango, na kanisa likaleta kikapu cha makaa nyumbani kwao. Baba yake alikibeba begani mchana kweupe, akakirudisha, majirani wote wakiwa madirishani. Beryl alimfuata nyuma, kichwa juu, huku meno yakigongana kwa baridi. Mtoto aliyelelewa hivyo haendi kuomba msaada wa bure akiwa na akili zake.

Basi akaipigia simu kampuni moja ya Manchester aliyoiona kwenye televisheni, inayofanya kazi ile ile kwa malipo. Aliyepokea alijiita Darren. Alimwita Bi Entwistle, wala hakuwa na haraka. Beryl alimuuliza, kwa kujikanyaga, wana tofauti gani na wale wa bure.

"Nikuulize, Bi Entwistle," Darren akasema. "Jino likikuuma, utakwenda kwa daktari anayelipwa au kwa jirani mwenye koleo?"

Beryl akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kicheko kile kilimgharimu. Walipatana pauni mia na tisini kwa mwezi. Za miezi miwili ya kwanza kampuni ingezichukua zote kuwa ada ya kufungulia kazi, na baada ya hapo ingekata thelathini na nane kila mwezi kabla ya kuwagawia wadai. Alikubali papo hapo. Kwa kulipa alijiona mteja, mtu wa heshima zake, wala si mtoto wa kikapu.

Nisiseme uongo, wako wanaotoza wakaifanya kazi yao sawasawa. Lakini Darren alimpa Beryl masharti mawili. La kwanza, abadilishe namba ya simu, wadai wasimsumbue. La pili lilihusu barua. Asizifungue hata moja, zitampa presha bure. Atie kila kitu kwenye bahasha kubwa za kampuni, ambazo posta yake imekwisha kulipwa, na kuzituma kila Ijumaa. Wao watasoma na kujibu.

"Na usidanganyike na sura ya bahasha," aliongeza. "Hao wana ujanja. Wataiga hata za serikali ili uzifungue. Yenye dirisha la plastiki, we tia tu."

Ushauri ule ulimtua mzigo. Namba ya simu ya nyumbani akaibadilisha wiki ile ile. Wiki za kwanza alikuwa bado anatupia jicho majina, la kwake, la Clifford, la wote wawili, maana mkopo wa paa ulikuwa wa wote. Baadaye hakutazama tena. Aliziokota uso ukiwa pembeni, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akazisukumia kwenye bahasha kubwa iliyofichwa nyuma ya ubao wa kupigia pasi. Kila Ijumaa akazipeleka posta. Usingizi ukamrudia, na kwenye kwaya Winifred akamwambia sauti yake imefunguka.

Majira ya baridi kifua cha Clifford kikazidi. Mwezi wa pili daktari wa mtaani alimpeleka akapigwa picha, kisha akasema hospitali kubwa watamwita, wataleta barua. Clifford akarudi nyumbani, akatundika kofia, akaanza kusubiri.

"Haijaja?" angeuliza akiwa juu ya ngazi.

"Haijaja," Beryl angejibu, na moyoni mwake aliamini anasema kweli.

Mwezi wa tatu ukapita, na wa nne. Beryl akataka awapigie simu hospitali. Clifford akamkataza. "Usiwasumbue, mpenzi. Kule kuna watu wagonjwa kweli. Zamu yangu ikifika wataniita." Alisema vile vile kwa majirani, na majirani wakamsifu kwa uvumilivu, kwa sababu pale mtu anayejua kusubiri zamu yake anahesabiwa mwema kuliko mtu wa sala. Mimi uvumilivu wa namna hiyo hunitia hasira. Mtu anatema damu kwenye leso, anaikunja vizuri, anaitia mfukoni, anasubiri aitwe.

Mwezi wa sita aliacha kwenda kuvingirisha tufe na wenzake kwenye uwanja wa nyasi, mchezo wa wazee wa pale. Mwezi wa saba walishusha kitanda sebuleni, kwa muda tu, wakaambiana, mpaka joto lipungue. Kila asubuhi kifuniko cha mlango kililia, na kila asubuhi Clifford aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akamwangalia mkewe akiinama mlangoni.

"Hakuna yangu?"

"Ni matangazo tu ya mazulia."

Mwezi wa tisa namba ya Darren ilianza kuita bila kupokelewa. Wiki iliyofuata haikuita kabisa. Beryl aliendelea kutuma bahasha zake za Ijumaa, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine nazo. Halafu, Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, dereva wa vifurushi akagonga mlango akiwa amekumbatia kasha. Kampuni imefilisika, ilisema karatasi iliyobandikwa juu, na mali za wateja zinarudishwa. Clifford akauliza kutoka kitandani kaagiza nini tena. Sabuni, Beryl akasema.

Alilifungua jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Ndani mlikuwa na bahasha zake mwenyewe, zile kubwa, zimepangwa vizuri Ijumaa kwa Ijumaa, nyingine zimefungwa na mpira. Hakuna hata moja iliyochanwa. Alikaa chini kwenye sakafu aliyoipiga deki jana yake, akazitazama mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Alilipakia lile kasha kwenye kikapu chake cha magurudumu, akafunika kwa kitambaa, akalikokota hadi kanisani na kulipandisha ngazi kidato kimoja kimoja. Safari hii alisukuma mlango. Winifred alimtazama, akalitazama kasha, akainuka na kugeuza kibao cha mlangoni upande usemao wamefunga.

Hakumlaumu. Alitoa kisu kidogo cha bahasha, akaanza kufungua na kupanga mafungu: kadi ya kwanza, kadi ya pili, mkopo wa paa. Alikuwa akisema kidogo kidogo huku akipanga. Wadai walikuwa wamelipwa miezi sita tu. Walikuwa wameandika mara nyingi kutaka mazungumzo, na wengine walikuwa tayari kusimamisha riba kama wangejibiwa, hawakujibiwa. Sasa deni limezidi lilipoanzia.

Beryl akauliza kwa sauti ndogo, kama angekuja hapa tangu mwanzo ingekuwaje.

"Ungelipa mia na tisini zile zile," Winifred akasema. "Zote zingekwenda kwenye deni. Na barua tungezisoma pamoja, hapa, mimi na wewe."

"Ninyi nani anawalipa?"

"Hao hao wanaokudai. Wanaona heri wapate kidogo kidogo kuliko kukosa." Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Nilikuona siku ile, Beryl. Kwenye kioo. Nilidhani nikikufuata nitakuaibisha."

Kisu kikaendelea na kazi. Bahasha moja ikafunguliwa, na Winifred hakuiweka kwenye fungu lolote. Akaisoma tena tangu juu. Akachukua nyingine iliyofanana nayo, kisha ya tatu, akazilaza mezani kando.

"Hizi si za deni," alisema.

Ya kwanza ilikuwa ya tarehe kumi ya mwezi wa tatu. Ilimtaka Bwana Clifford Entwistle afike hospitali ndani ya wiki mbili, kwa sababu picha ya kifua ilionyesha kitu wanachotaka kukitazama bila kuchelewa. Ya pili ilisema hakufika, na kwamba wamejaribu kupiga simu wakakuta namba haitumiki. Ya tatu ilisema kwa kuwa hajibu wanadhani hataki kuendelea, hivyo wamemrudisha kwa daktari wake. Ilikuwepo ya daktari pia, fupi, iliyomwomba apite kumwona. Beryl alizisoma zote nne, kisha akazisoma tarehe tu. Winifred alimshika mkono. Beryl hakuonekana kujua kama umeshikwa.

Beryl alifikiria kuzificha. Njia nzima, akilikokota kasha lililokuwa jepesi sasa, alitunga uongo wa aina tatu, na wote ulikuwa mzuri. Alipoingia sebuleni Clifford alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito miwili, pumzi yake ikisikika tangu mlangoni. Uongo wote ukamtoka kichwani. Akavuta kiti, akaanza na deni. Akataja pauni, kadi, paa, arusi, Darren, ada. Hakuacha kitu. Alikuwa akisema huku anangoja kuuona uso wa mumewe ukivunjika, ule uso aliokuwa ameulinda mwaka na zaidi.

Clifford akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi angoje kipite.

"Pesa?" akasema. "Mambo yote haya, kumbe pesa? Mjinga wewe. Nilidhani una mtu." Akampapasa goti. "Tutauza gari. Nani analiendesha? Tutakula chipsi bila samaki. Ungeniambia, mpenzi."

Alikuwa anatabasamu kweli, hakuwa anamfariji tu. Aibu ambayo Beryl aliiogopa kuliko kifo haikuwamo katika uso ule, na pengine haikuwahi kuwamo. Beryl alitaka kufurahi akashindwa, kwa kuwa mfukoni mwa koti lake zilikuwamo karatasi nne zilizokunjwa, na Clifford alikuwa amekwisha kuona mkono wake ulipokuwa.

"Na hizo?"

Akampa. Clifford akatafuta miwani, akaipangusa kwa shuka, akasoma ya kwanza polepole huku midomo ikicheza. Hakuzisoma tatu zilizobaki. Nje watoto walikuwa wanarudi kutoka shule, wakigonga vyuma vya uzio kwa fimbo. Beryl alisubiri apigiwe kelele, alizihitaji kelele zile, lakini mumewe hakuwa mtu wa kelele. Aliikunja karatasi pale pale ilipokuwa imekunjwa.

"Mwezi wa tatu," alisema. "Mwezi wa tatu nilikuwa bado napanda ngazi."

Kisha akamwomba amsaidie kulala, na Beryl akamlaza.