Ganda Lililosema Tak

Tak!

Hivyo tu. Si ting, ni tak. Ganda la shaba lilianguka kwenye jiwe la kusagia la cucu, bibi yangu, nikalisikia vizuri kabisa, halafu nikajifanya sijasikia. Makosa ni yangu. Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu kujitetea nimejitetea sana moyoni na haijanisaidia kitu.

Siandiki jina. Hapa Siakago tunajuana. Ukimaliza kusoma unaweza kunitusi. Nitusi tu!

Guka, babu yangu aliyenilea, ni mwalimu mstaafu, na watu wanamjua kwa kuanzisha mbio. Michezo ya shule kutoka hapa kwetu mpaka Karurumo, yule mzee wa kofia nyekundu anayeinua bastola, paa!, watoto wanatimka, ndiye huyo. Ni bastola ya kelele tu, haina risasi ya kuua, na karatasi zake ziko sawa. Baruti anajaza mwenyewe kwenye maganda ya shaba. Maganda tunayatumia tena na tena, na kazi ya maganda ilikuwa yangu tangu nilipoachia shule fom tuu.

Alinifundisha polepole. Kila ganda likitumika, unalipiga tupa alama moja kwenye kitako. Mdomo wake ukianza kukakamaa unaupasha moto kidogo, lakini kitako kinasimama ndani ya maji, moto usikiguse.

"Mdomo uwe laini, kitako kiwe kigumu," alikuwa anasema. "Hicho kitako ndicho kinazuia moto usinirudie mimi."

Halafu unaliangusha kwenye jiwe. Likiimba ting, ni zima. Likisema tak, lina ufa hata kama huuoni. Na likifikisha alama tano limestaafu, hata kama linaimba kuliko kwaya.

Yaliyostaafu tunayafunga uzi na kuyaning'iniza kwa shamba la mtama, yagongane yafukuze ndege. Guka akipita hapo lazima acheke. "Ona wastaafu wenzangu, bado wako kazini!"

Na mimi nilikuwa na ndoto yangu jamani! Nilitaka siku moja nisimame pale uwanjani, kofia nyekundu kichwani, mkono juu. Guka aliniahidi kwamba michezo ya muhula huu, mbio ya mwisho nitaipiga mimi. Nilifanya mazoezi jikoni na mwiko. Cucu ananiambia, "Chunga usianzishe mbio za kuku zangu!"

Sasa, maganda mapya tuliyoagiza kwa duka fulani Makutano, kule Meru, yakachelewa. Wiki ya michezo ikafika. Guka akasema hakuna neno, atagonganisha mbao mbili.

Mwaka uliopita aliwahi kutumia hizo mbao. Mwalimu mmoja kijana akamwambia mbele ya watoto wote, "Mzee, leo umekuja kufukuza kunguru?" Watu wakacheka. Guka pia akacheka. Lakini njia yote ya kurudi nyumbani mbao alizificha chini ya koti kama mtu aliyeiba.

Sikuweza kuona hiyo tena. Nikaingia kwa mtama, nikakata uzi.

Nilishusha maganda kumi na mawili. Nikayasugua na majivu na ndimu mpaka yakang'aa. Alama nikazisaga na tupa, moja moja, hadi vitako vikawa vimekonda na havina hata kovu. Na vile nilikuwa na haraka, sikuweka maji. Niliyatupa yote kwa makaa, mdomo na kitako, kama mahindi ya kuchoma!

Kisha jiwe. Kumi na moja yaliimba. La mwisho, tak.

Mbio zilikuwa kumi na mbili. Nikajiambia labda limeanguka vibaya. Lakini sikuliangusha mara ya pili. Mtu asiyejua angeliangusha tena. Mimi nilijua.

Guka haoni vizuri vitu vya karibu. Alichukua maganda, akapitisha kidole gumba kwenye vitako, kimoja kimoja, akikosa alama.

"Kairitu, msichana wangu, haya ni mapya?"

"Ndio, guka. Yamefika."

"Makutano wameokoka siku hizi!" Akamwita cucu kwa sauti: "Wewe mama, niletee kofia! Kunguru wapumzike!"

Vile alifurahi! Mungu wangu, vile alifurahi!

Mbio tisa zilienda sawa. Ya kumi ilikuwa ya wasichana, mita mia nne. Mkono wa guka umezeeka, haunyooki tena, bastola inakaa karibu na sikio la kulia. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, nimeshika mkebe wa maganda. Haikulia paa. Ililia kama bati linapasuliwa.

Na wasichana wakakimbia! Walidhani ni mlio tu. Wakazunguka uwanja wote, watu wanashangilia, na guka ameketi kwa nyasi, kofia iko chini, damu inapita kati ya vidole. Nilipomfikia aliniuliza, "Wameondoka vizuri?"

"Wameondoka vizuri, guka."

"Nini?"

"Vizuri!"

"Sisikii, kairitu. Sema kwa nguvu."

Shavu lilishonwa hospitalini Embu. Sikio la kulia limekufa. La kushoto linasikia ukipiga kelele. Bastola aliirudisha mwenyewe kwa polisi. Na kila mgeni akija kumwona anamwambia, "Ni uzee. Nilizidisha baruti." Anajilaumu yeye! Kofia amenipa mimi. "Utaanzisha wewe," alisema. "Wewe una mkono msafi."

Nimemwambia ukweli mara mbili. Mara zote mbili nilikaa upande wa kulia.

Nyinyi mnaosoma, kitu kikistaafu kiacheni kipumzike. Usikisugue king'ae ndio mtu anayekuamini afurahi. Na ukisikia tak, tafadhali, usijifanye kiziwi. Mimi nilijifanya, na uziwi ukaenda kwa mwenye hakuwa na makosa.

Ganda lililopasuka nililiokota pale uwanjani, nikalificha. Jana guka na cucu walikuwa wameenda kanisani. Nikaketi karibu na lile jiwe, nikachukua tupa, na kwenye kipande cha kitako kilichobaki nikazirudisha alama zote tano. Nikaongeza ya sita. Kisha nikaenda kwa koti la guka la shamba, lile limetundikwa nyuma ya mlango, nikaliweka lile ganda ndani ya mfuko wa kulia, kitako kikiangalia juu, mahali kidole gumba chake hufika kwanza.